Piano Yenye Njia Mbili

Siku ile mlipoandaa chai ya kuniaga pale karakana, mmoja wenu aliniuliza mbona rafu ya juu imejaa nyundo za piano na springi ndogo kama za kalamu, na tangu muajiriwe hakuna mteja ameleta kitu kinachozihitaji. Nilicheka nikasema ni takataka zangu. Halikuwa jibu zuri. Sasa niko nyumbani, muda ninao, na mume wangu amechoka kunisikiliza, kwa hivyo nawaandikia nyinyi.

Vinanda mnavyotengeneza siku hizi vina bodi na skrini. Mimi nilianza na piano za umeme za kizamani, nzito kama kabati. Ndani yake kulikuwa na vijiti vya chuma, kila kibonye na kijiti chake. Ukibonyeza, nyundo yenye mpira kichwani inaruka na kugonga kijiti. Kijiti kinatetemeka mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, na mtetemo ule unageuka umeme. Umeme wenyewe ni mdogo sana. Ukiupitisha kwenye waya mrefu hadi amplifaya ya kanisa, unafika ukiwa umechoka, hauna makali, tena umebeba mlio wa taa na wa redio ya jirani. Ndiyo sababu tulikuwa tunatia priamp, yaani bodi ndogo yenye transista au chipu moja, inayokaa ndani ya piano yenyewe na kuipa sauti nguvu kabla haijaanza safari. Kazi yangu kubwa kwa miaka mingi ilikuwa hiyo.

Tulihamia Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini, mume wangu alipopata kazi kwenye kiwanda cha simiti huko Athi River. Watu wengi tuliopanga nao ploti moja walikuwa wa kwetu magharibi, kila mmoja akisema atakaa kidogo tu halafu arudi nyumbani. Mji ulikuwa upepo, ng'ombe wakipelekwa mnadani, na ule udongo mweusi unaovua mtu viatu mvua ikinyesha. Nilikuwa nimesomea redio na televisheni kwenye polytechnic ya vijana karibu na Bungoma, msichana peke yangu darasani. Nikaweka meza kwenye veranda na kuanza kutengeneza redio za majirani. Mteja mpya alikuwa akifika, ananiangalia, kisha anauliza fundi yuko wapi. Mwanzoni nilikuwa najieleza. Baadaye nikawa nasema ametoka kidogo, niachie tu hiyo redio. Akirudi kuichukua namwambia fundi alikuja na ameshaenda.

Ni redio iliyonipeleka kwa Mzee Okumu. Nilikuwa natafuta transista ambayo Nairobi nzima nilikuwa nimeikosa, nikaambiwa kuna Mjaluo mmoja nyuma ya duka la mbao anayefungua vitu vya ajabu. Nilimkuta ameinamia piano iliyofunguliwa, miwani imefungwa kwa uzi. Zamani alikuwa mpiga piano kwenye bendi ya hoteli moja kule Nairobi. Hoteli zilipoanza kutumia kaseti badala ya watu, bendi ikavunjika, na piano zikatupwa kwenye stoo. Yeye alikuwa akizifuata moja moja na kuzifufua. Alinipa ile transista, akaniuliza naitaka ya nini, na nilipomweleza akaniambia nije Jumatatu.

Siku ya kwanza hakunipa hata bisibisi. Alinikalisha mbele ya piano, akaniambia nibonyeze kibonye kimoja baada ya kingine na niseme kila kimoja kinalia kama nini, kwa neno lolote. Niliona aibu. Nikasema hiki ni kama kikohozi, hiki ni bati, hiki ni kijiko kwenye glasi, hiki kina asali. Nilidhani mzee ananichezea. Kumbe kila neno nililosema lilikuwa na ugonjwa wake. Kikohozi ni mpira wa nyundo uliokauka. Bati ni kijiti kilichosogea karibu mno na sumaku. Kijiko ni springi iliyolegea, maana kijiti kinasawazishwa sauti kwa kusogeza springi mbele au nyuma, na upana wa ukucha ni mbali sana. Asali ni kile ambacho hakihitaji kuguswa. Mwanzoni nilichelewa sana kujifunza hilo la mwisho, maana mtu mwenye bisibisi mpya anaona kila skrubu inamwita.

Jambo lingine alilolishikilia ni kwamba mwenye piano lazima aipige kwanza kabla haijafunguliwa, na fundi amwangalie uso, si mikono. Hakunieleza kwa nini. Alisema tu, "Mama Nekesa, wewe angalia."

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa panya. Mtu analeta piano akisema sauti imekufa, tunafungua, tunakuta kiota kimetengenezwa kwa sufi laini ya ndani ya piano, kizuri kuliko vitanda vya watu wengine. Baada ya panya ikaja ngurumo. Makanisa ya mabati yalikuwa na umeme usio na waya wa ardhini, na piano ikiwashwa ilinguruma kama mzinga wa nyuki. Nilijifunza kupiga chuma ardhini nyuma ya kanisa, kukimwagia maji, na kukiunganisha na mwili wa piano. Wazee wa kanisa walisimama kuniangalia nikimwagilia chuma. Mmoja kule Kware, Rongai, aliuliza kwa upole kama kitaota.

Korasi ilikuja baadaye. Mzee Okumu alitoa chipu kwenye kisanduku cha mpiga gitaa kilichoungua, akakaa nayo wiki nzima, hata chai anasahau. Kazi ya korasi ni kuchukua sauti moja na kuitolea nakala, nakala ichelewe kidogo sana na iyumbeyumbe, halafu zote mbili zitoke pamoja. Nilimuuliza kuna faida gani kuchelewesha sauti. Akaniuliza kama nimewahi kusikia mama na binti yake wakiimba wakifua nguo. "Hawaanzi sawasawa kabisa," akasema. "Hiyo tofauti kidogo ndio utamu." Siku alipoiunganisha na piano nilikuwa nimesimama mlangoni. Alibonyeza noti tatu za chini, na chumba kile cha mbao kikawa kikubwa. Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha ambalo hatukujua lipo.

Tulifanya kazi pamoja hadi mke wake akaugua huko Siaya, akaamua kurudi nyumbani kumtunza. Aliniachia meza, mita, chuma cha solda cha kuchomelea nyaya na uma wa kusawazishia sauti. Nilimsindikiza hadi alipopanda gari. Hakuwa mtu wa maneno. Aliniambia nisiweke korasi nyingi, watu wa kanisa watapata kizunguzungu. Tulikuwa tukipigiana simu kila Pasaka hadi alipofariki.

Sasa niwaambie juu ya Kajiado.

Mwalimu Parmuat alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kajiado mjini na kiongozi wa kwaya ya kanisa lake. Alikuwa Mmaasai mrefu, mpole, mwenye kuvaa tai hata siku ya kazi za mikono. Nyimbo za kanisa alikuwa amezitafsiri kwa Kimaasai na kuzipangia sauti nne, na kwaya za hadi Mashuuru zilikuwa zikija kujifunza kwake. Kanisa lilikuwa na piano moja ya kizamani ambayo Mzee Okumu aliifufua kabla hajaondoka. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili Mwalimu aliniita niitie priamp. Nilipoingia alinisalimia, "Takwenya," nikabaki nimeduwaa. Akanifundisha kwamba mwanamke akisalimiwa hivyo anajibu "Iko," na hakuanza mambo ya piano mpaka nikaitamka vizuri. Nilifanya kazi siku hiyo, akaipiga, akafurahi, nikarudi Kitengela nikiwa na maziwa ya mgando kwenye chupa.

Haikupita muda mrefu binti yake, Naipanoi, akaja karakana. Alikuwa akiuza dawa kwenye duka moja hapa Kitengela. Alisema baba anasema piano imefifia, zile noti za juu hazina makali. Nilienda. Nikaongeza makali kwenye priamp, akashukuru. Jumapili mbili hivi zikapita, Naipanoi akarudi akicheka kwa aibu. Baba anasema bado. Lakini mama anasema watu wa viti vya mbele wanalalamika kwamba piano inachoma masikio. Sasa nilichanganyikiwa. Piano moja haiwezi kufifia na kuchoma masikio kwa siku moja.

Mara ya tatu nilienda Jumamosi asubuhi na bodi mpya kabisa ya priamp mkobani, nikiwa nimekasirikia ile ya zamani. Kanisa lilikuwa tupu, upepo ukigonga mabati. Nilimwomba apige kwanza. Alipiga wimbo wa taratibu, halafu akapanda hadi vibonye vya mwisho upande wa kulia na kutikisa kichwa.

"Huku juu hakuna kitu, Fundi. Ni kama kugonga meza."

Mimi nilikuwa nazisikia vizuri, wazi kama kengele. Hapo ndipo nilipokumbuka kuangalia uso. Macho yake hayakuwa kwenye vibonye wala kwangu. Alikuwa anaangalia ndani ya piano. Na nikakumbuka kwamba kila nikimaliza kazi alikuwa akiniomba nisirudishe mfuniko, akisema piano inapata joto.

Nilirudisha mfuniko. Nikamwambia nataka kuijaribu ikiwa imefungwa, na nikamwomba asimame karibu na dirisha aniambie ni noti ipi hasa imefifia. Akaenda, akasimama akitazama nje kuelekea barabara ya Namanga. Nilianza katikati, nikipanda kibonye kimoja kimoja. Kwa kila noti alisema sawa. Sawa. Sawa. Mahali fulani akanyamaza. Niliendelea kubonyeza. Yeye alisimama tu, kichwa ameinamisha upande, akisubiri kwa adabu kama mtu anayemsubiri mwenzake atafute miwani.

"Umeacha?" akaniuliza.

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kibonye, na noti inalia.

"Sijaacha, Mwalimu."

Aligeuka akaniangalia, akaangalia mkono wangu. Kisha akaja akaketi kwenye benchi la mbele, akavuta suruali magotini kama anavyofanya mtu anayetaka kukaa sana. Mimi sikujua pa kuweka mikono.

"Mfuniko ukiwa wazi naona nyundo zikiruka," alisema. "Hapo najua noti imelia. Sikuwa nakudanganya, Fundi. Nilikuwa nafikiria ni piano." Akautazama mfuniko. "Hapana. Nilikuwa naomba iwe ni piano."

Akanieleza yote. Ilianza na sauti za watoto darasani, akidhani wameacha kutamka vizuri. Ndege wakanyamaza. Alienda hospitali Nairobi peke yake, akisema nyumbani ameenda semina. Walimpa kifaa cha sikio, na kwenye mazungumzo kilisaidia kidogo, lakini kwaya ikianza kuimba kilipiga kelele kama filimbi, akakificha kwenye droo. Aliambiwa yaliyopotea hayatarudi na yaliyobaki yatapungua. Kanisa jipya la mawe lilikuwa karibu kufunguliwa, kwaya nyingi zingekuja, na tayari kulikuwa na wazee waliokuwa wakisema wanunue kinanda cha kisasa na kumpa kijana kazi. Hakuwalaumu. Alisema mwalimu wa kwaya asiyesikia ni kama dereva asiyeona. Ila alitaka kupiga piano siku ya kufungua lile kanisa. Akaniomba nisimwambie mtu, hasa Mama Naipanoi.

Nilirudi nyumbani na ile bodi mpya bila kuifunga. Nilikaa na hilo jambo siku nyingi, nikipika ugali huku nawaza. Nikimwekea makali anayotaka, watu wanaumia. Nikiwawekea watu sauti nzuri, yeye anabaki kwenye giza. Jibu nililipata nikiwa kwenye veranda ya jirani, mama mmoja aliyekuwa akigawa mchuzi, akiwapakulia watoto kwanza kabla hajaweka pilipili ya baba yao. Nilicheka peke yangu, yule mama akaniuliza kuna nini.

Nilitengeneza priamp yenye njia mbili. Sauti inaingia kutoka kwenye sumaku ikiwa moja, halafu inagawanyika. Njia ya kwanza ilienda kwa watu, kwenye spika kubwa za kanisa, laini, ikiwa na korasi. Njia ya pili ilienda kwa Mwalimu peke yake, kwenye amplifaya ndogo iliyokaa sakafuni karibu na goti lake la kushoto, spika imeinuliwa ielekee sikio lake zuri. Kwenye njia yake niliinua makali pale tu masikio yake yalipokuwa yameanza kufa na si zaidi, maana yale ya juu kabisa hakuna skrubu ingeyarudisha, na kuyapandisha kungekuwa kupiga kelele kwenye nyumba isiyo na mtu. Korasi sikuitia kabisa kwenye njia yake. Sikio lililochoka likiletewa sauti na nakala yake linapata ukungu, na yeye alihitaji kitu kimoja chenye ukingo. Mkipata mteja wa namna hiyo, kumbukeni hilo. Utamu wa wengine unaweza kuwa ukungu wake.

Siku ya kuijaribu nilimwambia aanze polepole. Alipiga ule wimbo wa taratibu. Ubeti wa kwanza mikono ilikaa katikati, mahali pa salama. Ubeti wa pili mkono wa kulia ukaanza kupanda, kidogo, ukarudi, ukapanda tena, mahali ulipokuwa umeacha kwenda. Hakuniangalia. Aliendelea kupiga beti zote, na baada ya zile beti akaanza tena mwanzo. Nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Mama Naipanoi aliingia na chupa ya chai akatukuta hivyo. Aliiangalia ile spika ndogo karibu na goti, akamimina chai. Aliponisindikiza hadi barabarani alinishika mkono kwa nguvu.

"Ile spika ndogo ni ya masikio yake," alisema. Hakuwa akiuliza.

Niliinama nikafunga zipu ya mkoba. Nilikuwa nimeahidi.

"Usiseme kitu, usivunje ahadi. Mimi najua kitambo. Kwa nini unafikiria nilitoka kwa wenzangu wa sauti ya pili nikaenda kusimama pale mwisho, karibu na piano? Pale anaona mdomo wangu. Nikiimba anajua tumefika wapi."

Nilimuuliza mbona hajamwambia mumewe kwamba anajua.

"Ni yake kusema," akajibu. "Mimi nasimama tu mahali ananiona."

Siku ya kufungua kanisa nilikuwa nyuma, kwenye meza ya mitambo, maana walinipa na kazi ya maikrofoni. Kanisa lilijaa hadi watu wakaketi madirishani. Kwaya za wageni ziliimba, halafu ikawa zamu ya wenyeji. Mwalimu alikuwa na tai nyekundu. Wimbo wa kwanza ulikuwa mzuri kupita mazoezi yote, na kwenye spika kubwa korasi ilikuwa imetulia vizuri kwenye mawe yale mapya. Wimbo wa pili ulikuwa wa Kimaasai, wa furaha, na vijana wa kwaya wakatoka mbele wakaanza kuruka. Ukiwa umewaona Wamaasai wakiruka unajua sakafu haibaki salama. Mguu mmoja ulishuka kwenye waya wa ile amplifaya ndogo, na nikaona taa yake nyekundu ikizimika.

Kwa watu hakuna kilichobadilika. Piano ilikuwa ikisikika kanisa zima. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amenyamaziwa, aliyekaa nyuma ya spika kubwa katikati ya kelele za kwaya, naye ndiye aliyekuwa akiipiga. Nilisimama, lakini kati yangu na yeye kulikuwa na umati ambao hata paka asingepenya. Niliona mabega yake yakikakamaa. Aliinamisha kichwa kutafuta nyundo, na mfuniko siku hiyo ulikuwa umefungwa, umewekewa maua juu. Mikono haikusimama. Ilikuwa ikienda kwa mazoea tu, na niliona mwendo ukianza kuwakimbia waimbaji.

Mama Naipanoi alitoka kwenye mstari wake. Hakuharakisha. Alienda akasimama ubavuni mwa piano huku akiendelea kuimba, akaweka mkono kwenye bega la mumewe, na vidole vikaanza kugonga mwendo wa wimbo palepale begani, waziwazi, mbele ya kanisa lote na maaskofu wao. Mwalimu aliinua macho akaangalia mdomo wake. Mwendo ukarudi. Walimaliza wimbo hivyo, yeye akimwangalia mkewe na mkewe akimgonga bega, na watu walipiga makofi bila kujua wameona nini.

Makofi yalipoisha, Mwalimu alisimama akaomba maikrofoni. Nilimfungulia.

"Masikio yangu yanaisha," alisema. "Nimeficha kwa sababu niliogopa. Huu wimbo wa mwisho sikusikia hata kidogo. Mama Naipanoi ndiye amepiga piano, mimi nilikuwa nafuata. Kama mnataka mtu mwingine, ni sawa, na nitamfundisha nyimbo zote."

Kulikuwa kimya hata nikasikia ngurumo ndogo ambayo nilidhani nilikuwa nimeimaliza. Kisha Mama Naipanoi akasema kitu kwa Kimaasai, na upande wa wanawake wote ukacheka, halafu wanaume, na mchungaji mwenyewe akafuta macho. Baadaye niliuliza amesema nini. Naipanoi akanitafsiria. Alikuwa amesema: sasa ninaweza kurudi mahali pangu kwa wenzangu, maana pale mwisho jua la dirishani limenichoma jicho miaka yote hii.

Hakurudi. Jumapili iliyofuata alisimama palepale, kwaya nzima ikageuzwa kidogo imtazame Mwalimu ili naye awaone midomo, na fundi cherehani akashona pazia la dirisha. Habari za kinanda cha kisasa zilibaki habari. Mwalimu aliendelea kupiga kwa miaka kadhaa, na Naipanoi akawa anaacha duka la dawa mapema siku za mazoezi, anaketi naye kwenye kiti kimoja na kujifunza. Mimi nilikuwa nikienda mara kwa mara kuongeza kidogo kwenye njia ya pili. Kila mara kulikuwa na kidogo zaidi cha kuongeza, na kila mara kilisaidia kidogo kuliko mara iliyotangulia. Tulijua wote wawili tunaelekea wapi. Alikuwa akiniuliza habari za binti yangu Nekesa na masomo yake, akisoma majibu midomoni mwangu.

Karibu na mwisho wa miaka ile ya elfu mbili aliniita kwa mara ya mwisho, kupitia kwa Naipanoi. Nilipofika alinisalimia kama kawaida, sauti yake imekuwa nzito na isiyo na uhakika, kama ilivyo sauti ya mtu asiyesikia anachosema. Alikuwa hasikii chochote tena. Naipanoi ndiye aliyekuwa mpiga piano wa kanisa, na Mwalimu alitaka nitoe njia ya pili ili binti abaki na piano rahisi isiyo na nyaya nyingi. Alilisema bila huzuni, kama mtu anayerudisha kiti alichoazima.

Nilifungua mfuniko na kuwasha chuma cha solda. Mama Naipanoi alikuwa ameketi na kikapu chake, Naipanoi karibu na vibonye. Mwalimu aliketi akinitazama nikifanya kazi, kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu amewahi kuniuliza.

"Ile korasi uliwekea watu," alisema. "Mimi uliniambia si nzuri kwangu, na ulikuwa sawa. Lakini ilikuwa inasikika namna gani?"

Niliweka chuma chini. Miaka yote ile alikuwa amewapigia watu sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia. Alikuwa na njia yake, kavu, yenye ukingo, na upande wa pili wa bodi ileile kulikuwa na kitu kizuri alichokuwa akikigawa tu. Nilijaribu kueleza kwa mikono, nikashindwa. Nilitafuta neno, hata kijiko na asali havikutosha. Nikamwangalia Mama Naipanoi, naye akanyanyua mabega.

Ndipo nikawaza spika. Nilimshika Mwalimu mkono nikampeleka kwenye ile kubwa ya upande wa kulia, nikatoa kitambaa cha mbele, na nikaiweka mikono yake yote miwili kwenye ubao wa sanduku, mahali sauti za chini zinapotikisa. Nikamwambia Naipanoi apige noti ya chini aishikilie, korasi ikiwa imefungwa. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwamba ameipata. Ni mtetemo wa kawaida, unaanza kwa nguvu na kufifia. Kisha nikafungua korasi, nikaizidisha kuliko Mzee Okumu angeniruhusu, na Naipanoi akapiga noti ileile.

Sauti na nakala yake zikikutana kwenye ubao, mtetemo haukai sawa. Unajaa, unapungua, unajaa tena polepole. Mwalimu alifumba macho. Vidole vyake vilijipanua kwenye mbao. Akamwashiria binti aendelee. Naipanoi akaacha noti moja na kuingia kwenye ule wimbo wa taratibu, mkono wa kushoto tu, chini kabisa.

"Kumbe inapumua," akasema Mwalimu.

Mama Naipanoi aliinuka akaja akaweka mikono yake kwenye ubao karibu na ya mumewe, na mimi nikazima chuma cha solda. Naipanoi alipiga wimbo wote, na alipofika mwisho baba yake hakuondoa mikono, kwa hivyo akaanza tena.